Mtaa umejaa wageni, tutazoeanaje? Jibu kwa dada wa Buzebazeba

Dada mmoja wa Buzebazeba, Ujiji, hapa Kigoma, kaniandikia meseji ndefu na mi naifupisha. Anasema mtaa aliozaliwa siku hizi haujui tena. Wazee wanafariki, watoto wao wanauza nyumba ya familia wagawane, mnunuzi anabomoa anajenga fremu au nyumba yenye geti. Wapangaji wanaingia na kutoka, kuna waliofuata kazi za reli, kuna waliohamia kutoka Kibirizi kule ufukweni Ziwa Tanganyika lilipopanda, na mwezi huu mpangaji mmoja kafiwa na mtoto, waliofika msibani hawakutimia kumi. Anataka kuanzisha jioni ya hadithi, awaite wazee wawasimulie wageni historia ya Ujiji. Maswali yake: aanzeje, vijana atawapataje, wapangaji wasiokaa si atapoteza muda bure, na je hii kitu inafanya kazi kweli au ni maneno ya semina tu?

Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la mwisho maana ndo zito. Inafanya kazi, nimeiona kwa macho yangu miaka kumi na kitu niliyozunguka na daftari kukusanya simulizi kuanzia huko kwenu mpaka vijiji vya mwambao, ila haitafanya kazi kwa hivyo ulivyopanga wewe.

Fikiria hiyo jioni yako. Mzee kakalia kiti, wageni wamekaa mkekani kama darasa la kwanza, mzee anaeleza nani alifika lini na nani alikuwa na mashamba mpaka wapi. Atasimulia vizuri sana, sikatai, wazee wa Ujiji kwa kuongea hawana mpinzani. Lakini mgeni anachosikia pale ni kitu kimoja tu, hapa pana wenyewe na wewe sio mmoja wao. Ataitikia kwa heshima, atakunywa kahawa, ataenda kulala, na mwezi ujao humuoni.

Afu ukiwaambia wazee waeleze historia ya Ujiji watakupa ile ya mnara, Livingstone na Stanley, wale wazungu waliokutana chini ya mwembe, Novemba 1871. Sawa, ni historia yetu. Ila hebu iangalie upande ambao hatuuangaliagi. Unajua nani alikuwa wa kwanza kumpokea Stanley siku ile, kabla hajamuona huyo mzungu mwenzake? Ni Susi, mtumishi wa Livingstone, ndo alitokeza kwenye umati akamsalimia. Na Susi kwao sio Ujiji, ni Shupanga huko Msumbiji. Yani aliyempokea mgeni naye alikuwa mgeni, na ule umati uliosimama pale ulikuwa na Waha, na Wamanyema waliovuka kutoka ng'ambo, na Waswahili wa pwani, na Waarabu, na wapagazi wa Kinyamwezi. Ujiji haijawahi kuwa na siku ambayo wote waliomo walizaliwa humohumo. Hata ziwa lenyewe halikutulia, mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalipasua njia kwenda mto Lukuga upande wa Kongo likashuka mita nyingi tu, ndo maana leo ukisimama pale mnarani unajiuliza ufukwe uko wapi. Afu 1914 reli ikafika, ikaishia Kigoma sio Ujiji, biashara ikahamia kule na watu wakaifuata. Kwahiyo hiki kilio cha "mtaa umebadilika" babu yako naye alikilia, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na baraza.

Na hapo kwenye baraza naomba nikae kidogo, maana watu wanasema majirani wa siku hizi wana roho mbaya na mi naona tatizo ni la ujenzi zaidi. Nyumba za zamani za Ujiji zina baraza mbele, ile saruji ya kukalia inayoangalia njia. Ukitoka ndani umeshakuwa barazani, ukiwa barazani lazima usalimie anayepita, na anayepita akisimama dakika mbili kashakaa. Nyumba mpya ina ukuta, juu vipande vya chupa, na geti jeusi. Hata mwenye roho nzuri akiishi mle utamjulia wapi? Kwahiyo wewe hapo hauanzishi kitu kipya, unarudisha baraza lililobomolewa. Ukilichukulia hivyo utajua cha kufanya na cha kuacha. Kwenye baraza hakuna mgeni rasmi. Hakuna kipaza sauti wala meza kuu. Mwenyekiti wa mtaa mpe taarifa, tena mapema, asije akasikia kuna mkusanyiko usiku akadhani mengine, ila akija aje kama jirani, akae mkekani.

Sasa nikwambie kosa nililofanya mimi ili usilirudie. Duara la kwanza kabisa nililoongoza, tulikuwa kama watu kumi na mbili, nikafungua kwa swali ambalo niliona ni zuri mno: kila mtu atuambie katoka wapi na alifikaje hapa. Wawili wa kwanza wakajibu. Wa tatu akasema "mi ni wa hapahapa tu" akanyamaza. Wa nne vilevile. Mama mmoja akasema anaenda kuangalia sufuria jikoni, hakurudi. Nikadhani watu wana aibu, mpaka kesho yake kijana mmoja akaniambia kwa upole, kaka, lile swali lako ni la uhamiaji.

Na alikuwa sahihi kabisa. Hapa kwetu "umetoka wapi" lina wenyewe wa kuuliza. Watu walikimbia Burundi 1972, wakakimbia tena 1993, wakakimbia tena 2015, Kongo nao 1996, na Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana kabisa, kwahiyo hata Muha wa Kasulu aliyezaliwa na kukulia kulekule anaweza kuulizwa babu yako kazikwa wapi. Mtu akishawahi kujibu swali hilo mbele ya meza ya ofisi hawezi kulifurahia mkekani kwako, hata ukimpa kahawa na kashata juu.

Nilichobadilisha ni swali tu, na mambo yakawa tofauti kabisa. Siku hizi nauliza: usiku wako wa kwanza kulala mtaa huu ulikuwaje? Aliyezaliwa hapo naye namuuliza, siku ya kwanza umetumwa dukani peke yako ilikuwaje? Hilo swali halina mpaka wala karatasi. Kila mtu ana usiku wa kwanza, profesa anao na mbeba mizigo anao, na usiku wa kwanza watu huwa wamechoka, hawana maji, hawajui choo kiko wapi, kwahiyo ndani ya hiyo hadithi lazima anatokea mtu wa pili. Kuna aliyeazima ndoo. Kuna aliyeonyesha bomba. Kuna aliyegonga mlango na sahani ya maharage ya mawese. Hadithi ya kutoka wapi inamtaja mtu aliyebaki mbali, hii inamtaja jirani, na mara nyingi huyo jirani kakaa hapohapo kwenye duara na alishasahau.

Kuna siku kijana wa bodaboda alisimulia kwamba usiku wake wa kwanza hakuwa na hata mkeka, akalala kwenye boksi, mama wa chumba cha pili akamsikia anakohoa akamletea mkeka na hakumuuliza jina. Akawa anasema huyo mama alishahama, hajui yuko wapi. Mama mmoja mtu mzima akatoka kwenye kiza huko nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe ndo wewe! Sasa mkeka wangu uko wapi?" Watu walicheka mpaka mtoto aliyekuwa amelala akaamka. Wale wawili sasa ni mtu na mwanae, ila mkeka mpaka leo ninavyoandika hapa haujarudi.

Kuhusu namna ya kuendesha. Usiwe na watu wengi, wanane mpaka kumi na mbili wanatosha, wakizidi gawa maduara mawili. Kuna utaratibu naupenda unaotumika sana Marekani, unaitwa mduara wa hadithi, na mmoja wa waliouendeleza na kuueneza ni John O'Neal, mwanzilishi mwenza wa kundi la maigizo la Free Southern Theater lililoanza 1963 kule Mississippi, wakati watu weusi wa kusini wanapigania haki zao. Mnakaa duara kweli, sio safu. Zamu inazunguka upande mmoja, kila mtu ana dakika zake, weka tatu au nne. Hakuna kumkatiza mtu, kumsahihisha wala kumjibu. Hadithi ya mwenzio ikikugusa usiichambue, subiri zamu ikufikie nawe useme ya kwako. Asiyekuwa tayari anasema "napita", na zamu ikiisha anaulizwa tena mara moja. Hicho cha kutosahihisha ndo kigumu kuliko vyote kwa watu wa Ujiji, nakwambia kabisa, mtu akisema lile duka lilikuwa la bluu kuna watatu watanyoosha mkono kwamba lilikuwa la kijani. Waache waumie kimyakimya.

Anza wewe. Na usianze na hadithi ya kishujaa, anza na ya kijinga, siku ulipotea njia, siku uliunguza wali wa watu. Ukianza na kubwa kila mtu ataona ya kwake ndogo atapita. Kama kuna watoto fungua kwa "hadithi hadithi!" wakuitikie "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", hata wakubwa wenye vitambi wanaitikia, na baada ya hapo sauti zinakuwa zimeshatoka, hakuna tena ile baridi ya mwanzo.

Siku ya kukutana iangalie kwa mwezi, sio kalenda. Huku nusu ya mtaa inakula kwa dagaa, na dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, kipindi cha giza wanaume wako ziwani usiku kucha na asubuhi kina mama wako mwaloni, pale maboti yanapofikia, wanaanika. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawafuati taa, maboti yanapumzika, watu wako nyumbani hawana pa kwenda, na mwanga ni wa bure hata umeme ukikatika. Kwahiyo weka mbalamwezi, baada ya Isha, na usiweke siku Simba na Yanga wanacheza, hapo hata mwezi ungeshuka chini hupati mtu.

Hili linajibu na swali lako la wapangaji. Unasema hawakai. Wengi si wanalipa kodi ya miezi sita? Basi miezi sita ni mbalamwezi sita. Mtu aliyekaa maduara sita hata akihama kwenda Gungu au Mwanga atarudi kwenye msiba wenu, mi nina mifano. Na wewe usimhesabie mtu siku atakazokaa kabla hujamsalimia.

Kina mama wafikirie peke yao kwanza. Barazani kwa kahawa ni kwa wanaume, tusidanganyane, na usiku mwanamke ana watoto wa kulaza. Ukimuita kwenye duara la mchanganyiko siku ya kwanza atakaa nyuma, atacheka pale wengine wanapocheka, ataondoka. Duara lao la kwanza lifanye mchana, kwenye kikoba baada ya kuhesabu hela, au mwaloni kwenye kuanika ambapo mikono ina kazi na mdomo uko huru. Wakishazoea kusikia sauti zao watakuja usiku wenyewe na watawafunika wanaume, utaniambia.

Vijana nao usiwaite "waje wasikilize wazee", hawaji. Wape kazi. Mmoja awe mtunza dakika kwa simu yake, hata mzee akivuka kengele inalia, na hiyo peke yake kwa kijana ni raha ya mwaka. Na usisahau kwamba bodaboda ndo anajua mtaa kuliko mtu yeyote, kabeba wajawazito saa nane usiku, kabeba walevi, kabeba wanaolia. Hadithi anazo ila hajawahi kuulizwa.

Mkishakutana mara tatu nne hivi kuna kitu kingine cha kufanya, na hiki nimekiiba Cape Town. Kule kulikuwa na mtaa unaitwa District Six, watu wa kila rangi na dini wamechanganyika. Mwaka 1966 serikali ya makaburu ikautangaza kuwa eneo la weupe tu, watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa na nyumba zikabomolewa. Mwaka 1994 ikafunguliwa makumbusho ndani ya kanisa la zamani hapohapo, na kitu kikubwa mle ndani sio sanamu, ni ramani ya mtaa iliyotandikwa sakafuni, waliohamishwa wakaja wakaandika kwa mikono yao, hapa ndo palikuwa kwetu. Mtu mzima anapiga magoti anatafuta njia yake kwa kidole.

Wewe huhitaji jengo. Nunua shuka jeupe na maka peni, tandika chini, chora njia mbili tatu kubwa halafu waachie. Watajaza visima vilivyokauka, michikichi iliyokatwa, mwembe ambao kila mtu alianguka, duka lililokuwa linakopesha, nyumba iliyokuwa na redio ya kwanza. Na wageni nao waandike, chumba chao, geti lao, fremu yao ya kuuza chipsi. Wale wa Kibirizi wape kona yao ya shuka, maana nyumba zao za kule ziliingia maji 2020 na 2021 na wengi hawajapata mahali pa kusema mlango ulikuwa upande gani. Ila nakuonya, mchore njia, mchore miti, mchore visima, MSICHORE MIPAKA YA VIWANJA. Mtu akiweka mstari mmoja tu kati ya kwao na kwa jirani, jioni imeisha hapo, na shuka lako litabebwa kama ushahidi.

Maana ardhi itaingia tu, utake usitake. Nyumba ya familia ikiuzwa kuna mtoto hakupata mgao, na atakuja kusema. Msikilizeni mpaka dakika zake ziishe bila kumuunga mkono wala kumpinga, zamu ipite, kesho yake mtu mmoja amsindikize baraza la kata kwa usuluhishi au kwa mwanasheria. Duara sio mahakama. Na tena lisiwe dawa ya kuwatuliza watu. Mradi wowote ukipita hapo, wa barabara au wa nini, akatokea mtu mwenye fulana ya mradi anataka kudhamini jioni yenu ya hadithi, mkatalieni kwa adabu. Anayedai fidia anatakiwa kulipwa, sio kusimuliwa. Hela za posho zikataeni vilevile, niliona kundi moja zuri sana likilipwa posho ya kukaa, mradi ulivyoisha watu wakawa wanauliza tunakaa kwa shilingi ngapi.

Simu. Maduara matatu ya mwanzo zisirekodi kabisa, mtunza dakika peke yake ndo anashika simu. Baadae mkitaka kuhifadhi sauti za wazee, na hilo ni jambo jema maana wanaondoka kweli, muombe mtu ruhusa kabla, na akishamaliza mchezeshee asikie halafu muulize tena kama bado anakubali. Usiweke status, usitupe kwenye grupu la WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, hadithi ya mtu aliyevuka ziwa usiku na watoto, ikidakwa na mtu mwenye nia yake, inaweza kumrudisha mbele ya ile meza niliyokwambia.

Utajuaje kama inafaa? Usihesabu vichwa. Angalia nani anaitwa kwa jina badala ya "yule mpangaji wa nyumba ya kijani". Angalia ndoo zinaazimwa na nani.

Gharama yake ni sukari, kahawa, shuka na mikeka ya kuazima, sasa ya mikeka ujue nani anarudisha.

Ila kabla ya mkeka, kabla ya shuka, kuna yule mpangaji aliyefiwa. Mwezi bado haujaisha, na kama wanafanya arobaini basi haijafika. Chukua kina mama wawili, beba sukari na majani ya chai, nendeni mkakae nae. Siku ya arobaini mkamenye viazi jikoni kwake, maana jikoni kwenye shughuli ndo duara ambalo halihitaji mtu wa kuliongoza. Akitaka kuongea kuhusu mtoto ataongea. Kwao wapi, usimuulize.